Choose, chose, chosen: mwongozo kamili wa kuchagua kwa Kiingereza

Kitenzi "choose" hufundishwa shule ya msingi, mtoto akapita, na kila mtu akaamini kazi imekwisha. Miaka inakwenda, mtoto anakuwa mtu mzima anayetafuta kazi ya mapokezi katika hoteli ya Nyali, anakaa kuandika barua, na mstari wa kwanza unatoka hivi: "I have choosed your hotel because..." Anayeipokea haendelei kusoma.

Nafundisha Kiingereza cha jioni kwa watu wazima hapa Mombasa, wengi wao wa hoteli, maduka na ofisi za kupitisha mizigo bandarini. Vitenzi vigumu ni vingi, lakini hiki ndicho kinachowaumbua watu kuliko vyote, kwa sababu hukutana nacho kila siku na hakuna anayekiogopa. Rai yangu ni kwamba tatizo linaanzia kwenye tofauti ya lugha zenyewe. Kiswahili hubeba kila kitu ndani ya kitenzi: chagua, chagulia, chaguliwa, chaguana, chagulika. Kiingereza kitenzi chake ni kikavu, na kazi yote hufanywa na vijineno vinavyokizunguka. Kwa hiyo aliyekariri kuwa "choose" ni kuchagua ameshika nusu tu ya neno. Nusu ya pili iko nje yake.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiwa na haraka, barua inatakiwa kesho asubuhi, ruka hadi hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza: maumbo matatu, kwa sikio kabla ya jicho

Maumbo ni haya: "choose" kwa sasa, "chose" kwa jana, "chosen" kwa jambo lililotendeka au lililotendwa. Hakuna "choosed" wala "choosen". Jingine ni "choosing", ambalo huandikwa bila ile "e" ya mwisho.

Wengi huyachanganya mawili ya kwanza kwa sababu jicho la Mswahili linasoma herufi kama zilivyo. Likiona "oo" linataka kusema "choo", na darasani hapo kicheko hakikosi. Lakini wewe tayari unajua kanuni, umeishi nayo tangu utotoni. Neno "school" lilipoingia kwetu likawa skuli. "Book" likawa buku. Yaani "oo" ya Kiingereza mara nyingi husikika "u". Basi "choose" ni "chuuz", midomo ikisukumwa mbele na sauti ikivutwa.

Sasa "chose". Tazama "note" ilivyokuwa noti, na "coat" ilivyokuwa koti. Sauti ni "o". Kwa hiyo "chose" ni "chouz", karibu sana na chozi ukiliondolea irabu ya mwisho. Anayelia chozi leo alichagua jana. Ukilikumbuka hilo hutakosea tena ipi ni ya wakati uliopita. "Chosen" inafuata sauti hiyohiyo ya "o", kisha "zen" nyepesi mwishoni.

Angalia pia kwamba maumbo yote matatu yana sauti ya "z", ijapokuwa huandikwa kwa "s". Nomino yake "choice" ndiyo yenye "s" halisi: "chois". Sisi tunaotofautisha saa na zaa hatuna sababu ya kushindwa na hilo. Usije ukajiuliza kwa nini "lose" yenye "o" moja nayo hutamkwa "luuz". Tahajia ya Kiingereza ina ukaidi wake, na muda wa kushindana nao ni bora uutumie kukariri.

Njia ya kukariri ninayoiamini ni kupanga vitenzi vya ngoma moja pamoja na kuvisema kwa sauti ukiwa kwenye tuktuk au ukioshea vyombo: freeze, froze, frozen, speak, spoke, spoken, break, broke, broken, steal, stole, stolen, choose, chose, chosen. Mdundo ni uleule: katikati inaingia "o", mwisho inaingia "n". Ulimi ukishaushika mdundo, "choosed" itakuchoma sikio kabla haijatoka mdomoni.

Hatua ya pili: pata wakati sawasawa

Kiambishi -li- kwa kawaida huenda na "chose", na -me- huenda na "have chosen" au "has chosen". Nilichagua: "I chose." Amechagua: "She has chosen."

Mtego uko hapa. Sisi husema bila wasiwasi "nimechagua jana" au "nimemchagua juzi", na hakuna anayetushangaa. Kiingereza hakikubali. Ukitaja tu lini, yaani jana, wiki iliyopita, mwaka 2022, lazima urudi kwenye "chose": "I chose it yesterday." Muda usipotajwa, na lililo muhimu ni kwamba uamuzi upo tayari, hapo ndipo "I have chosen" inapokaa mahali pake. Mzazi ambaye mwanawe anaingia Gredi ya 10 atasema "My daughter has chosen the STEM pathway", yaani mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, maana uchaguzi umefanyika na athari zake zipo nyumbani sasa hivi. Akiulizwa lini, atabadili: "She chose it last term."

Kosa jingine ninaloliona hata kwa watu wenye shahada ni "I didn't chose" na "Did you chose?" Neno "did" limeshabeba wakati uliopita peke yake, kwa hiyo kitenzi hurudi kwenye umbo la kwanza: "I didn't choose", "Did you choose?"

Kwa kauli ya kutendwa, chaguliwa, ni lazima "chosen" na kitenzi kisaidizi: "He was chosen." Anayesema "He was chose" amekivunja kitenzi katikati. Na huchagua, kwa mtu mmoja wa tatu, ni "chooses", hutamkwa "chuuziz".

Hatua ya tatu: tazama kinachofuata

Hapa ndipo penye mwongozo wenyewe. Chukua duka la leso pale Biashara Street. Muuzaji anakunjua vipande mezani kimoja baada ya kingine hadi meza haionekani. Mnunuzi ni mama wa makamo, na kama wanunuzi wengi wa hapa, hamalizi kwa rangi. Anavuta leso karibu, anapita pindo, anapita mji, anasimama kwenye jina, yale maandishi yaliyo upande wa chini, anayasoma kimyakimya huku midomo ikicheza.

"Mama, chagua yoyote, bei moja."

"Yoyote siwezi, mwanangu. Hii nampelekea mkaza mwanangu. Jina likiwa la mafumbo nitazua vita nyumbani."

"Basi chagua kati ya hizi mbili. Zote za baraka."

"Nichagulie wewe basi, macho yangu yamechoka."

Mazungumzo mafupi, na kitenzi chetu kimeshabadilika mara mbili. Tuyapeleke kwa Kiingereza polepole.

"Chagua yoyote" ni rahisi: "Choose any one." Kitu kinafuata kitenzi moja kwa moja, hakuna kijineno katikati. Usiongeze chochote hapo.

Ukitaka kusema kuna rundo na mteja achague humo, unahitaji "from": "You can choose from these." Wauzaji wengi husema "choose these", na mgeni anayesikia hivyo anafahamu kwamba anaambiwa azichukue zote. Biashara inaweza kuharibika kwa kijineno kimoja.

"Chagua kati ya hizi mbili" ni "choose between", na hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote linapokaa. Kiswahili husema "kati ya hii au hii" na pia "kati ya hii na hii". Kiingereza kinataka "and" peke yake: "Choose between the red one and the blue one." "Between this or that" ni kosa, hata ukilisikia redioni. Vivyo hivyo kwa anayekwenda Diani: "You can choose between the ferry and the Dongo Kundu bypass." Vitu vikiwa vingi na havitajwi kimoja kimoja, tumia "among" au rudi kwenye "from". Waalimu wengine hushikilia kwamba "between" ni ya viwili tu. Mimi siwafuati, kwa sababu Waingereza wenyewe huitumia kwa vitatu na vinne vinapotajwa kwa majina.

"Nichagulie" ndiyo inayonipendeza zaidi kufundisha. Ule mnyambuliko wa -li- ndani ya chagulia unageuka njia mbili kwa Kiingereza. Ama "Choose one for me", ama "Choose me one". Zote sahihi. Ya pili ni ya mazungumzo, ya watu waliozoeana. Mbele ya mteja tumia ya kwanza.

Lakini "for" ina kazi ya pili ambayo huwakoroga watu. "She chose it for her daughter-in-law" inasema amemchagulia mkaza mwana. "She chose it for its message" inasema ameichagua kwa sababu ya jina lake. Kijineno kimoja, kazi mbili. Utajua ipi kwa kutazama kinachofuata: mtu, basi ni mpokeaji, sifa ya kitu, basi ni sababu.

Mama huyo akiiacha ya buluu akachukua nyekundu, sema "She chose the red one over the blue one." "Over" hapa ina maana ya kuliko. Wanafunzi wangu hupenda kuandika "She chose red than blue", maana kuliko wameikariri kuwa ni "than". "Than" inataka kilinganishi mbele yake, "better than", "bigger than". "Choose" pekee haitoshi kuishika. Ukiipenda sana "than", itangulize "rather": "She chose the red one rather than the blue one."

Baada ya hapo kuna kitendo. Uliamua kufanya jambo: "choose to", kisha kitenzi kikavu. "She chose to wait." "I chose to stay in Mombasa." Si "chose waiting", wala "chose that I wait". Na kama unachagua la kufanya, mahali au mtu, maneno ya kuulizia yanaingia: "choose what to cook", "choose where to sit", "choose who will speak".

La mwisho ni cheo. Chama cha akina mama kikimfanya mtu awe mweka hazina, ni "They chose her as their treasurer." Unaweza pia kusikia "They chose her to be treasurer". Usiseme "They chose her for treasurer".

Hatua ya nne: mahali ambapo "choose" si neno lake

Kuchagua kwetu ni neno pana. Mama anayekaa barazani na uteo mapajani akitoa changarawe kwenye mchele wa pilau anachagua mchele. Ukisema "She is choosing the rice", Mwingereza anafikiri yuko dukani akipima basmati na pishori. Hapo sema "She is picking the stones out of the rice" au "She is sorting the rice". Muuza mitumba wa Kongowea anayefungua beli alfajiri na kuzitoa zile za kamera, yaani nguo bora za beli, kabla wateja hawajajaa, naye anachagua, lakini Kiingereza chake ni "pick out": "She picks out the best ones first." "Pick" ni neno la mkono, kitu unakinyanyua, kwa mazungumzo ya kawaida hukaa karibu kila mahali ambapo "choose" hukaa, ila barua rasmi huifanya ionekane nyepesi.

"Select" ni ndugu aliyevaa suti. Unamkuta kwenye mashine ya ATM, kwenye fomu na kwenye matangazo ya kazi: "Only selected candidates will be contacted." Usimlete mezani. Anayemwambia rafiki yake "I selected chips" anasikika kama mashine.

Kura nazo zina kitenzi chao, "elect". Hapa Kenya tofauti hii inafaa kushikwa vizuri, kwa sababu magazeti ya Kiingereza huitumia kila siku na Katiba ya 2010 imejengwa juu yake. Wapiga kura wa Mvita, Nyali, Likoni, Kisauni, Changamwe na Jomvu huchagua wabunge wao: "They elect their MPs." Rais naye huteua mawaziri, lakini kuteua kwetu kumefunika vitenzi viwili. Kwanza "nominate", kupendekeza jina. Bunge la Taifa likikubali, ndipo "appoint", kumweka kazini. Ndiyo maana habari ya Kiingereza inaweza kusema mtu amekuwa "nominated" na bado hana ofisi. Kisha kuna wale wanaoingia Seneti bila kupigiwa kura: kati ya maseneta 67, 47 ni "elected" na 20 ni "nominated". Kuita kundi lote hilo "chosen" si kosa la sarufi, lakini umefuta tofauti ambayo wanasiasa wenyewe hutoana jasho kwa ajili yake.

Kitenzi "opt" huwakimbiza wengi, na kwa kweli ni chepesi kuliko "choose" kwa sababu ni cha kanuni: opt, opted, opting. Shida yake ni moja tu. Hakishiki kitu moja kwa moja. Huwezi kusema "I opted tea". Ni "opted for tea" kwa kitu, "opted to leave" kwa kitendo, na "opt out of" kwa kujitoa. Zile jumbe za simu zinazokusumbua na matangazo hukuambia mwishoni namna ya "opt out". Soma mstari huo, una faida kuliko ujumbe wenyewe. Kimaana, "opt" hudokeza kwamba ulikuwa na njia nyingine na ukaiacha.

"Prefer" ni kupendelea, si kuchagua. Naiweka hapa kwa sababu ya kosa lililoenea Kenya nzima: "I prefer tea than coffee." Ni "to": "I prefer tea to coffee." Na unaweza kupendelea kitu bila kukichagua, kama anayependa biriani akaishia kununua viazi karai kwa sababu ya mfuko.

Hatua ya tano: ujue kilikotoka

Wengine wataona hatua hii ni ya anasa. Mimi naona ndiyo inayokifanya kitenzi kikae kichwani, maana ukijua ukoo wa neno hulishangai tena.

Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu iliyopita, kitenzi kilikuwa "ceosan". Ile "c" ya mwanzo ilikuwa imeshalainika kuwa "ch", jambo ambalo halikutokea kwa ndugu zake Kijerumani na Kiholanzi. Ndiyo sababu Mwingereza ana "church", "cheese" na "chin" pale Mjerumani anaposema "Kirche", "Käse" na "Kinn". Kwa Waholanzi kitenzi chetu ni "kiezen", na kwa Wajerumani "kiesen", ambalo sasa ni la kizamani lakini limeacha alama kubwa katika historia: wale wakuu 7 waliotambuliwa na Hati ya Dhahabu ya mwaka 1356 kuwa na haki ya kumchagua mfalme waliitwa "Kurfürst", na hiyo "Kur" ya mwanzo ni kuchagua huku kwa sura nyingine. Watu wa kaskazini mwa Ulaya walikuwa na "valkyrja", wanawake wa hadithi zao waliochagua nani afe vitani. Nusu ya pili ya jina hilo ni kitenzi hikihiki.

Kwa nini "s" hapa na "r" kule? Kwa sababu lugha za ukoo huo zilikuwa na mabadilishano ya zamani ya sauti hizo mbili ndani ya neno moja. Umbo la zamani la "chosen" lilikuwa "coren". Kiingereza baadaye kikalisawazisha, kikarudisha "s" mahali pote. Masalio yapo bado: "was" na "were" ni mfano ulio mdomoni mwako kila siku. Kwa hiyo "chosen" unayoiona leo ni matokeo ya watu kuchoka na mvurugano na kulazimisha maumbo yafanane. Walioandika "choosed" wanataka kuendeleza kazi hiyohiyo, wamechelewa tu kwa karne kadhaa.

Irabu nayo ina kisa. Kwa mwendo wa kawaida wa sauti, "ceosan" ingefuata njia ya "freosan", ambayo leo ni "freeze". Kitenzi chetu kingeishia kutamkwa "chiiz", sawasawa na jibini. Kilichotokea ni kwamba mkazo ulihama ndani ya irabu pacha "eo", ukaegemea "o", na huko ndiko ilikotoka "uu" tunayoitamka. Hata tahajia ilichelewa kutulia. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 imeandika "chuse" inapoeleza jinsi Bunge la Wawakilishi litakavyomchagua Spika wake, na ukiniuliza mimi, "chuse" ingetusaidia zaidi Waswahili.

Nomino "choice" ilipita njia ndefu zaidi. Waingereza wa kale walikuwa na nomino yao, "cyre", ikafa. Wakati huo neno la jamii ya Kijerumani lilikuwa limeshaingia Ufaransa na kuwa "choisir". Wanormani walipoitawala Uingereza baada ya 1066, Kifaransa chao kikaleta "chois", ndiyo "choice" ya leo. Kwa hiyo kitenzi kimebaki nyumbani na nomino imerudi kutoka ugenini, na tofauti ile ya "z" na "s" niliyokuonyesha hatua ya kwanza ndiyo alama ya safari hiyo.

Rudi nyuma zaidi, kwenye shina ambalo wanaisimu hulitoa kwa kulinganisha lugha nyingi kutoka Ulaya hadi India, na utakuta maana yake ya kwanza ni kuonja. Kilatini kikapata "gustus", ladha. Kigiriki kikapata kitenzi cha kuonja. Kisanskriti kikapata kitenzi cha kufurahia. Kiajemi kikapata "dost", rafiki, lile neno unalolisikia katika kila filamu ya Kihindi. Rafiki ni mtu uliyemfurahia. Wajerumani wa kale ndio waliovuta maana kutoka kuonja hadi kujaribu, na kutoka kujaribu hadi kuchagua.

Hilo halihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Mombasa. Nenda Marikiti siku chache kabla ya Ramadhani, usimame mbele ya muuza tende. Masanduku yamefunguliwa, nyeusi huku, za hudhurungi kule, kavu upande, zenye maji upande. Hakuna anayenunua kwa macho. Muuzaji anakuchomolea moja, unaitafuna, unatema kokwa kiganjani, unanyamaza kidogo, unaomba ya sanduku la pili. Ulimi ukikubali ndipo mzani unapokuja. "Choose" ilikuwa hivyo kabla haijawa neno la kuamua kwa kichwa.

Ndugu zake niliowataja hatua ya nne wametoka nyumba nyingine. "Elect" na "select" ni watoto wa kitenzi cha Kilatini "legere", kuokota na kukusanya. Ya kwanza ni kuokota kutoka humo, ya pili ni kuokota na kuweka kando. "Opt" imetoka kwa "optare", kutaka au kutamani, ikapitia Kifaransa, na kama kitenzi cha Kiingereza ni changa, ya karne ya 19. Na kura yetu wenyewe? Ni ya Kiarabu, na asili yake ni kuamua kwa bahati nasibu, jambo ambalo wagombea wengi watakubaliana nalo matokeo yakitangazwa.

Hatua ya sita: misemo ya kuijua, na ya kuiacha

"Choosy" ni mtu wa kuchaguachagua, na "picky" ni karibu hilohilo, hasa kwa chakula. Si sifa nzuri. Mchagua nazi hupata koroma, tunasema, na koroma ni ile iliyopita udafu lakini haijakomaa kuwa nazi: haina maji matamu wala tui la maana. Mtu huyo Mwingereza angemwita "too choosy".

"Pick and choose" ni kuchukua yanayokufaa na kuacha yasiyokufaa, na mara nyingi ni lawama: "You can't pick and choose which rules to follow." "Beggars can't be choosers" ni methali ya zamani, ilikuwa imeshachapishwa mwaka 1546, na inamwambia mwenye shida asichague. Ifahamu ukiisikia, lakini usimwambie mtu usoni. "Spoilt for choice" ni kuwa na vingi hadi hujui uchukue kipi.

"Hobson's choice" ndiyo yenye kisa. Thomas Hobson, aliyezaliwa 1544 na kufa 1631, alikodisha farasi mjini Cambridge. Zizi lilikuwa limejaa, lakini alikuwa na sharti: unachukua aliye karibu na mlango au unakwenda kwa miguu. Alifanya hivyo ili farasi wazuri wasitumiwe kila siku wakachoka. Kwa hiyo "Hobson's choice" ni chaguo la jina tu, kitu ni kimoja. Wengi huitumia vibaya kwa maana ya kubanwa kati ya mabaya mawili. Hapana, kwa Hobson hapakuwa na la pili.

Hatua ya saba: jipime

Funika majibu kwa mkono. Sahihisha kwanza kwa sauti, kisha kwa kalamu.

1. I have choosed to work in Mombasa.
2. Did you chose the room yesterday?
3. Guests can choose between tea or coffee.
4. She was chose as team leader.
5. We opted the ferry.
6. I prefer Nyali than Diani.
7. I have chosen this course last year.
8. He chose going home.
9. My aunt is choosing the rice, she has already removed many stones.

Majibu:

1. I have chosen to work in Mombasa.
2. Did you choose the room yesterday?
3. Guests can choose between tea and coffee.
4. She was chosen as team leader.
5. We opted for the ferry.
6. I prefer Nyali to Diani.
7. I chose this course last year.
8. He chose to go home.
9. My aunt is sorting the rice. She has already removed many stones.

Ukikosa namba 2 au 7, rudi hatua ya pili. Ukikosa 3, 5 au 8, tatizo lako ni vijineno, na hutalimaliza kwa kusoma mara moja. Chukua daftari, andika sentensi tano za kazi yako mwenyewe kwa kila kijineno, za mteja, za mzigo, za chumba, na umpe anayejua akusomee kabla hujaituma barua.